Hundi ya Kadibodi

Lori lilikuwa langu, kwa hiyo nilitangulia kufika.
Mto ulikuwa umesharudi mkondoni, umejilaza
kama mlevi asiyekumbuka alichovunja usiku.
Ukutani mwa shule, mstari wa tope
umenyooka kama uliopigwa kwa rula,
unapita juu ya kichwa changu.
Na mimi ni mrefu.

Bascom Fork, Kentucky. Siku ya tisa.
Tulileta mikoba ya shule mia mbili,
mablanketi, na friji kumi na nne
(friji ndizo tunazotengeneza)
katika mji ambao umeme haujarudi.

Bi. Prewitt wa uhusiano alitupanga:
warefu nyuma, wenye fulana safi mbele.
"Na ile familia ya mwanajeshi iko wapi?"
aliuliza, kama mtu anayetafuta chumvi mezani.

Akaletwa Twyla Sizemore, kavaa buti za mumewe,
kila hatua mguu ukitangulia, buti likifuata,
na binti yake Oleta, wa miaka minane.
Mume ni sajini, yuko ng'ambo, jangwani,
analinda kitu asichoruhusiwa kukitaja,
huko ambako maji wanagawiana kwa chupa.

Hundi ilikuwa na ukubwa wa mlango.
Jina limeandikwa *Sizemoor*.
Sisi watu wazima hatukuona, au tuliona tukameza.
Oleta alinyoosha kidole, akafungua mdomo,
na mpiga picha akasema: "Hapo hapo! Usifunge!"

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga.
Wetu haukuwa mtupu.
Mmoja ulishika blanketi,
wa pili kamera.

Sisemi hatukusaidia.
Blanketi ni blanketi; baridi haisomi nembo.
Mikobani mlikuwa na penseli za kweli, na vifutio,
na pesa nasikia ziliingia benki
baada ya wiki sita na fomu tatu,
moja ikimtaka athibitishe kwamba nyumba yake ililowa.

Jumamosi nilirudi, bila fulana.
Msinisifu. Nilikuwa nimesahau mnyororo
wa kufungia mizigo, nao unakatwa kwenye mshahara.
Pampu ya shemeji yangu ilikuwa garini tu,
na nikishafika na pampu mahali penye maji,
nitasema nini?

Tukavuta tope hadi jioni. Tope halina heshima:
lilitoka na vijiko, na albamu ya harusi,
na kiatu kimoja cha jirani aliyehama zamani.
Friji yetu mpya wameilaza chali sebuleni,
wameianikia vitabu vya Oleta, kurasa wazi.
Na dirishani, pasipo kioo,
imepigiliwa misumari ile hundi,
tarakimu zikitazama ndani.
"Kadibodi nzuri hii," Twyla alisema,
"imepakwa plastiki. Haipitishi upepo."

Simu ikalia. Uso wa sajini ukajaa skrini,
nyuma yake vumbi na taa moja.
Alitazama bega la mkewe, akatazama tena.
"Sizemoor ni nani, na kwa nini anakaa kwangu?"
Twyla alicheka hadi akakalia ndoo,
akacheka tena, sasa bila sauti,
mkono umefunika macho.
Kisha mtandao ukagoma.
Uso ukaganda, mdomo nusu wazi,
na hakuna aliyeizima simu.

Oleta alipanda juu ya friji, pembeni mwa vitabu,
na penseli yenye jina la kampuni sikioni.
Alikata *o* moja. Akaongeza *e* mwishoni, kubwa mno.
Hakutuuliza tunaonaje.

Mnyororo wangu niliuona nikiaga.
Walikuwa wamefungia mlango wa nyuma
usichukuliwe na upepo.
Niliupita, nikawasha lori.
Mwezi ule mshahara ulikuja umepungua
dola arobaini na moja.